Frigo Tuliyoicheza Hadi Likuni

Hainitoki kichwani, mwanangu, siku ile tuliyoshuka Old Town ya Lilongwe, mguu wangu mmoja bado uko ndani ya minibasi, nami tayari nimeiona frigo. Ilikuwa imewekwa nje, kwenye baraza la duka la kona, milango miwili, rangi ya fedha, ndefu kumpita Papa Sadoki, kiongozi wetu wa kwaya, ambaye naye si mfupi. Jua lilikuwa limeipiga mpaka ilikuwa kazi kuitazama. Nilipiga kelele. Kweli kabisa, mtu mzima, katikati ya barabara, nilipiga kelele hadi wabeba magunia wakageuka kuniangalia.

"Njo ile!" nikasema. "Ni ile, ni ile, Papa Sadoki, usitafute ingine!"

Kaa vizuri nikusimulie. Umekuja kuniuliza habari za vyombo vya nyumba yako mpya. Umenitajia frigo, jiko la umeme, televisheni ya ukutani, na ile mashine ya kukoroga juisi, na hata tangazo la harusi yako halijasomwa kanisani. Sikucheki. Mimi ni mtu wa mwisho wa kucheka mwenye tamaa ya vitu hivyo, maana hata leo nikipita mbele ya duka la vyombo vya umeme hapo mjini Lilongwe, miguu yangu inakuwa mizito yenyewe. Navipenda! Mtu aliyekua akipulizia kuni mbichi mpaka machozi yanamtoka, mwonyeshe kitu kinachopika bila moshi, halafu mwambie atulie. Hawezi. Basi nasaha zangu si za kukuambia usinunue. Sikiliza tu.

Miaka ile umeme ulikuwa ndiyo kwanza unaingia upande wetu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kule karibu na soko. Mimi, Faida huyu, nilikuwa mshonaji kijana, naimba sauti ya kwanza, na rafiki yangu wa ndani alikuwa Joselyne. Joselyne alifika kambini peke yake, bila baba, bila mama, bila hata shangazi wa kusingizia. Kwaya ndiyo iliyokuwa ukoo wake. Akiugua, tunampikia sisi. Akikosea, tunamkaripia sisi. Na alipopata mchumba, waliokaa kwenye viti vya wazazi tulikuwa sisi.

Mchumba mwenyewe aliitwa Chikondi, fundi seremala, Mmalawi wa Likuni. Alikuja kutengeneza madirisha ya kanisa letu, na kuna dirisha moja, lile la upande wa waimbaji, ambalo halikumalizika. Leo bawaba, kesho kioo, keshokutwa anasema mbao imepinda. Sote tukajua kilichopinda si mbao. Mwishowe mama yake na wazee wa Likuni walikuja kambini, wakaja tena, kuku wa uchumba wakatolewa kama Wamalawi wanavyofanya, na siku ya harusi ikapangwa. Joselyne angefungia ndoa kambini kwetu, kisha angekwenda kuishi Likuni, nyumbani kwa mama mkwe wake.

Hapo ndipo lilipokuja jambo la zawadi. Unajua desturi yetu sisi tuliotoka Uvira na Fizi, kule Kongo. Zawadi ya harusi kwetu haitiwi kwenye bahasha ikapelekwa mezani kimyakimya. Zawadi huchezwa! Kinanda kinalia, ngoma inaitika, na watu wa bibi harusi wanaingia kutoka mlango wa nyuma na vitu vichwani: sufuria, ndoo, magodoro, viti, wanakuja polepole kwa mwendo wa wimbo mpaka mbele ya maharusi, na ukumbi mzima unatazama. Kila mtu anahesabu kwa macho. Zawadi ambayo watu wa viti vya nyuma hawakuiona, kwetu ni kama haikutolewa. Nimewahi kuona godoro moja linapitishwa mara mbili ili lionekane mawili, lakini hayo tuyaache, wenyewe bado wako hai.

Sasa fikiria. Wakwe wanakuja kutoka Likuni, wenyeji wa nchi, na wanakuja kuoa kwa wakimbizi. Kwaya iliapa kwamba siku hiyo hatutaaibika. Kila mtu alichanga, hata wale ambao huwa wanaanza kukohoa kikapu kikipita. Tukaamua kununua kitu kimoja tu, cha kumaliza maneno. Frigo! Joselyne mwenyewe alikuwa ameisema kwa haya: akipata frigo atagandisha maji ya matunda kwenye vifuko vya plastiki, vile watoto wa Malawi wanavyopenda kunyonya kwenye jua, na atauza nje ya shule za Likuni. Asiende kwa mumewe mikono mitupu.

Waliotumwa mjini tulikuwa watatu: Papa Sadoki, mimi, na Mama Domitila. Huyu Mama Domitila alikuwa mzee wa Kirundi, mwembamba, mkali, sauti yake ndogo lakini ikikushika inakushika. Alikuwa amewaoza mabinti wengi wa kambi. Hakuna aliyemwomba aje nasi. Asubuhi tulimkuta tu ameketi kwenye minibasi, kiti cha mbele, mkoba magotini.

Basi turudi kwenye lile baraza. Niliizunguka frigo ile, nikaifungua, nikaifunga, nikaweka shavu langu kwenye mlango wake uliong'aa. Ilikuwa imekwisha kutumika nchi za mbali, lakini muuzaji alikuwa ameifuta na mafuta, inanukia upya. Alipoichomeka kwenye umeme ikatetemeka kidogo, ikaanza kunguruma. Mimi nikaanza kucheza hapohapo dukani. Papa Sadoki akapiga makofi ya mdundo. Tayari tulikuwa tunapanga: vijana sita wa kuibeba, wanne mbele, wawili nyuma, na wimbo gani.

"Hii bokilo, bakwe betu, bakiiona," Papa Sadoki akasema, "hakuna mutu atafungua kinywa. Batajua sisi pia tuko bantu."

Mama Domitila alisogea, akaigusa ile raba ya mlangoni kwa kidole. Raba ilikuwa imekauka, imepasuka pembeni. Kisha akatugeukia.

"Nauliza tu," akasema. "Hii kitu itakaa wapi?"

"Kwa nyumba ya Joselyne, Mama," nikajibu.

"We ulishaiona ile nyumba?"

"Hapana."

"Papa Sadoki, we uliiona?"

Papa Sadoki akakohoa kama anayepitiwa na kikapu cha sadaka.

"Mana yanje!" akasema Mama Domitila, akimwita Mungu wake kwa Kirundi. "Munanunulia nyumba yenye hamujaiona. Faida, unalisha macho ya batu ya saa moja, kisha mutoto abakie na hii kitu miaka yote. Nani atailisha yeye? Umeme wa kwa mukwe wake unatoka wapi? Bako bangapi kwa ile mita?"

Mwanangu, nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilijisemea, huyu mama amezeeka, hataki kuona kijana amefurahi. Nikamjibu kwa heshima lakini kwa mdomo uliovimba kwamba hatuwezi kwenda kwa wakwe kabla ya harusi bila kuitwa, ni aibu, na Papa Sadoki akaniunga mkono kwa nguvu zote.

"Aibu ya leo ni ndogo," akasema Mama Domitila. Akamwambia muuzaji amsubiri, akaingia duka la jirani, akanunua sukari na mche wa sabuni ili tusiende mikono mitupu, akatoka, akashika njia ya kwenda kwenye minibasi za Likuni. Tungefanya nini? Tulimfuata kama vifaranga.

Likuni tulishuka karibu na hospitali ya misheni, tukachukua kabaza, kila mtu na baiskeli yake, na waendeshaji walijua kwa Chikondi bila kuuliza sana. Tulipofika, Amake Chikondi, yaani mama yake bwana harusi, alikuwa anapepeta mahindi. Kututambua tu alitupa ungo chini, akapiga vigelegele peke yake uani! Nilikuwa nimejiandaa kuaibika, na huyu mama ananikumbatia na vumbi la mahindi mikononi. Alituletea nsima, ule ugali wa Malawi, na mboga ya maboga, tukala, na mimi ambaye nilikuwa najua Kichewa cha sokoni nikawa mkalimani.

Mama Domitila hakuzunguka. Aliomba tu aonyeshwe chumba ambacho binti yetu angelala. Kilikuwa chumba kizuri, kimepigwa chokaa mpya, Chikondi mwenyewe ametengeneza kitanda. Lakini kilikuwa chumba kimoja, mwanangu. Nilipima kwa macho. Ile frigo ya milango miwili ingeingia, ndiyo, na maharusi wangelala nje.

Na mita ya umeme? Ilikuwa moja tu, kwenye ukuta wa nyumba ya mama, kile kisanduku cha kuingiza namba za yuniti. Moja kwa nyumba zote tatu za ule ua: ya mama, ya kaka mkubwa wa Chikondi, na hicho chumba kipya. Walinunua yuniti kwa zamu. Amake Chikondi aliposimama mbele ya ile mita, furaha yake ilipungua. Akatazama upande wa nyumba ya kaka mkubwa, akapunguza sauti, akatueleza.

Mke wa kaka mkubwa aliitwa Tadala. Alipoolewa, ndugu zake walimletea jiko la umeme, sahani mbili, la zamani, zito kama jiwe la kusagia. Walimletea kwa sherehe, na mama mwenyewe alicheza siku hiyo. Tadala, bila ubaya wowote, akaanza kupikia maharage juu yake, mchana kutwa, sufuria wazi bila kifuniko. Yuniti zikawa zinaisha kabla ya watu kugeuka. Taa zinazimika mama akiwa katikati ya kufunga sala. Kaka mkubwa anasema zamu haikuwa yake. Mama anasema ilikuwa. Maneno yakatoka ambayo hayakustahili kutoka. Tadala akalirudisha jiko chini ya kitanda, akarudi kwenye mkaa, na tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye baraza ya mama mkwe. Anasalimia, anapita.

"Si mtu mbaya," mama akasema kwa Kichewa, nami nikatafsiri. "Wala mimi sijioni mbaya. Ni kile chombo kilichoingia katikati yetu. Sasa anakuja mwingine, anatoka mbali, hana kwao pa kurudi. Naomba Mungu tusianze naye hivyo hivyo."

Hana kwao pa kurudi! Neno hilo lilinichoma, mwanangu. Nilimwona Joselyne wetu kwenye ule ua, ile frigo kubwa inanguruma usiku na mchana, raba imepasuka, baridi inavuja, yuniti zinakimbia kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na watu wote wa nyumba wanaitazama frigo, kisha wanamtazama yeye. Angesema nini? Angelirudisha dude lile wapi? Na sisi kwaya tungekuwa tumesharudi zetu kambini, tunasimulia jinsi tulivyocheza. Nilimtazama Mama Domitila. Hakunitazama kwa ushindi. Alikuwa anafunga vizuri kilemba chake tu, njia ya kurudi Old Town ilikuwa ndefu.

Kwa muuzaji yule nilikuwa mtu mwingine. Nilimwambia kaka, hebu tusaidie, tunataka frigo ya chumba kimoja na mita moja ya nyumba tatu. Akacheka, na nitamshukuru daima, maana angeweza kutudanganya na hakutudanganya. Alitupeleka ndani kabisa, nyuma ya masanduku, akatuonyesha kifrigo kidogo cheupe, kipya, kinafika kiunoni kwangu, na juu kina sehemu yake ya kugandishia. Kwenye mlango kilibandikwa karatasi yenye mistari ya rangi, kijani juu, manjano katikati, nyekundu chini. Akatueleza kwamba karatasi ile inasema chombo kinakula umeme kiasi gani: mshale ukisimama kwenye kijani kinakula kidogo, ukishuka kwenye nyekundu kina tumbo. Hiki mshale wake ulikuwa kwenye kijani. Akachukua noti, akaibana mlangoni, akaniambia nivute. Haikutoka! Nikarudi mbio kule barazani kwa yule dada yangu wa rangi ya fedha, nikabana noti ileile. Ikaanguka yenyewe chini.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Asubuhi ile ningeuza cherehani yangu kwa ajili yake! Bei zao wala hazikupishana sana, maana kimoja kilikuwa kidogo na kipya, na kingine kikubwa na kimechoka.

Tukakinunua. Nilirudi Dzaleka nimekikumbatia kwenye pikapu, kimesimama wima, maana muuzaji alituonya tusikilaze, na kama kikilala njiani tukiache kitulie muda mrefu kabla ya kukichomeka. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Haikudumu. Kwaya ilipokiona, ikaanza kuchungulia nyuma yangu kwenye pikapu.

"Ile ingine iko wapi?" akauliza mmoja wa sauti ya tatu.

"Ni hiki," nikasema.

"Faida, unacheza na sisi? Tulichanga batu bote tununue kisanduku cha soda?"

"Bokilo batatucheka!" mwingine akadakia. "Vijana sita babebe hii? Bataibeba na vidole?"

Nikaeleza habari za chumba, za mita, za Tadala. Wengine walielewa, wengine waliinama, na wengine walisema maneno ambayo waimbaji wa kanisa hawapaswi kuyajua. Papa Sadoki alijaribu kutuliza, hakusikika. Na ukweli wao ulikuwepo, usifikiri walikuwa wajinga. Mkimbizi anachoka kuonekana mtu wa kusaidiwa. Siku moja tu anataka aonekane mtu wa kutoa. Mimi mwenyewe nilikuwa naumia kwa jambo hilohilo.

Basi nikakiinua. Sijui kilichonituma. Nilijifunga kitenge, nikasokota ngata, nikawaambia wawili wanitwike, na kifrigo kikakaa kichwani kwangu kama ndoo ya maji ya kisimani. Uzito wake ulikuwa kama huohuo. Nikaachia mikono. Nikapiga hatua ya kwanza ya wimbo, nikapiga ya pili, nikazunguka. Wote midomo wazi. Hakuna aliyewahi kuona frigo inacheza peke yake kichwani mwa mwanamke! Ile kubwa ingebebwa na vijana sita wanaosukumana na kutukanana chini kwa chini, na isingeweza hata kugeuka. Mwenye sauti ya tatu ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Siku ya harusi watu wa Likuni walikuja wamejaa lori, wanaimba toka barabara kuu. Sisi kinanda tayari, ngoma tayari. Zamu ya zawadi ilipofika, mlango wa nyuma ukafunguliwa, nami nikaingia, kifrigo kichwani kimefungwa utepe mwekundu, mikono yangu miwili hewani. Mwanangu! Paa la ukumbi lilitaka kuruka! Watu walipanda kwenye viti. Wamalawi wakaanza ile desturi yao ya kucheza na kurusha noti kwa maharusi, wanapiga kelele "Perekani! Perekani!", yaani toeni, toeni, na watu wetu wanaitikia kwa Kibembe na Kirundi, na kila mtu hajui mwenzake anasema nini, na hakuna anayejali.

Lakini ukumbi ule ulikuwa mrefu kuliko nilivyofanyia mazoezi. Nilipofika katikati shingo ilianza kutetemeka. Jasho likaingia machoni. Niliona meza ya maharusi mbali, nikamwona Joselyne amefunika mdomo kwa mikono miwili, amejua kwamba nguvu zinaniishia. Hatua zangu zikaanza kupotea. Nikaomba, Bwana, si mbele ya wakwe.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipoinuka kutoka viti vya Likuni. Mwembamba, kitambaa cha bluu kichwani, sikumfahamu. Alikuja moja kwa moja mbele yangu, akicheza, akainama kidogo, akanyoosha mikono, akakichukua kifrigo kutoka kichwani kwangu na kukiweka kwake. Bila kukosa mdundo! Akaligeukia jukwaa, akapaza sauti kwa Kichewa: "Iyi ndi yathu!" Hii ni yetu.

Upande wote wa Likuni ulisimama. Amake Chikondi alitoka kwenye kiti chake cha heshima akilia na kupiga vigelegele kwa wakati mmoja, akamshika yule mwanamke kiunoni, na wawili hao wakakicheza kile kifrigo mpaka mbele ya Joselyne. Ndipo Papa Sadoki, aliyewapokea watu wa Likuni mlangoni, aliponinong'oneza sikioni kwamba yule ni Tadala.

Alikuwa amesikia. Siku ile tuliyokwenda Likuni alikuwa nyuma ya dirisha lake, akasikia yote: sisi kuuliza habari za mita, mama kusema "si mtu mbaya". Hakuwa amejua kama mama mkwe wake anaweza kusema hivyo. Aliniambia mwenyewe baadaye, nilipokwenda kuwatembelea na kumkuta na Joselyne wamekaa kwenye baraza ya mama, mmoja anajaza vifuko, mwingine anavifunga, wanagombania wimbo gani waimbe. Yuniti zilikuwa bado zinaisha, za nani haziishi? Lakini zilikuwa zinaisha bila mtu kumtazama mwenzake.

Basi mwanangu, nikuambie wazi sasa, usiseme nilikuzungusha. Kabla hujanunua chombo, kaione kwanza nyumba kitakapokaa, na uwaone watu watakaoshirikiana nawe umeme huo. Nunua kinachotosha kazi yako, maana frigo kubwa iliyo nusu tupu inakula siku nzima ikigandisha hewa. Tafuta ile karatasi ya rangi, na kama haipo, uliza, na kama muuzaji anazungukazunguka kujibu, toka. Cha mtumba kichunguze raba. Ukifika nacho nyumbani, usikibane ukutani kabisa wala usikiweke karibu na jiko au dirisha la jua, kiache kipumue. Chakula cha moto kipoe kwanza mezani. Na usifungue mlango ndipo uanze kufikiri unataka nini! Wajukuu zangu nawakemea hilo kila siku, wanasimama pale kama wanasoma gazeti. Barafu ikijijenga, iyeyushe. Maharage loweka toka jana yake, funika sufuria. Nguo pasi zote kwa mara moja, usiwashe pasi kwa shati moja. Birika chemsha maji ya vikombe vilivyopo. Televisheni ukimaliza izime kwenye swichi ya ukutani, kile kitaa chekundu nacho kinakula, kidogo lakini usiku kucha. Na haya yote wafundishe wa nyumbani kwako kwa kicheko, usiwe askari wa mita, maana nimeona pia nyumba zilizovunjika kwa kubana mno.

Wala usiache kufurahi, mwanangu. Siku utakapokipata chako, piga kelele barabarani kama mimi, wacha watu wageuke!

Mungu wa safari zetu zote akupe nyumba yenye mwanga. Akupe mume anayezima taa bila kuambiwa, na mama mkwe anayekukumbatia na vumbi mikononi. Kila chombo kitakachovuka mlango wako kiingie kwa amani na kikae kwa amani. Na siku usiyo na nguvu za kufika mbele, katika nyumba ile ya ugenini, ainuke mtu kutoka viti vya upande wa pili, akupokee mzigo, aseme: ni wetu. Amina.